Rangi Moja, Mimea Miwili

Fundi rangi wa hadithi hii alikuwa na jicho. Hilo hata mafundi wenzake walilikubali. Ukimletea kitambaa kilichopauka, atakitazama, atafinya jicho moja, kisha atachanganya rangi tatu ndani ya kopo mpaka apate ileile. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe hakuoa mwanamke, alioa gauni la bluu ya bahari. Fundi naye alizoea kujibu kwamba gauni lile halikuwa bluu ya bahari, lilikuwa bluu ya anga baada ya mvua, na asiyejua tofauti anyamaze.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka saba. Alianza kusema mapema, na tangu siku hiyo hakupumzika. Ndiyo maana jina lake la nyumbani lilikuwa Kasuku.

Kila jioni fundi aliporudi kazini, Kasuku alimsubiri mlangoni. Baba alikuwa amekunja ngumi, na ndani ya ngumi kulikuwa na kitu. Siku nyingine karanga tano. Siku nyingine kipande cha muwa. Kasuku alifumba macho, akafungua mdomo, baba akamlisha. Hakuuliza ni nini. Kwa siku nzima, huo ndio wakati pekee ambao Kasuku hakuwa na swali.

Walikuwa wamehamia nyumba ile miezi mitatu tu. Ilikuwa na vyumba viwili na jiko, lakini nyuma yake kulikuwa na bustani. Mpangaji aliyetangulia alikuwa mpenda maua. Alipanda kila alichopata, kisha akahama bila kuacha neno. Mke wa fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mikate, hakuwa na muda wa kuichunguza. Fundi aliipenda kwa sababu ya rangi zake.

Wiki moja fundi alikuwa akipaka rangi nyumba ya mtu. Mwenye nyumba akamletea bakuli la matunda madogo. Yalikuwa ya mviringo, yameng'aa, rangi yake manjano yenye tone la chungwa.

"Karibu, fundi. Ni ya bustani yangu."

Fundi alionja moja. Tamu, na uchachu kidogo kwa mbali. Alikula bakuli zima, akabaki anatazama chini ya bakuli kama mtu aliyepoteza funguo.

Jioni alipofika nyumbani alipitia nyuma. Pale bustanini kulikuwa na uzio wa mimea mirefu, na siku hiyo ndipo alipouona vizuri. Vishada vya matunda madogo ya mviringo vilikuwa vimening'inia. Manjano yenye tone la chungwa. Ndege wawili walikuwa wanayadonoa kwa raha zao.

"Mama Kasuku! Njoo uone utajiri!"

Mkewe alitoka na unga hadi kwenye viwiko. "Utajiri gani tena?"

"Haya matunda. Leo nimekula bakuli zima kazini. Kumbe tunayo hapahapa nyumbani."

"Una uhakika ndiyo yenyewe?"

"Mimi nikosee rangi?"

"Nimekuuliza tunda, sikukuuliza rangi."

"Ona, hata ndege wanakula. Ndege angekula sumu?"

Mkewe alitaka kusema jambo, lakini unga ulikuwa unaumuka jikoni na haukuwa na subira. Akarudi ndani.

Kasuku alikuwa ameshafika mbio. Alifumba macho, akafungua mdomo. Baba akamtilia matunda matatu.

"Yana uchungu, Baba."

"Hayajaiva sana hayo. Tafuna, utamu uko mbele."

Kasuku alitafuna. Alitafuna kwa sababu baba amesema. Alikula mengine matano, akitafuta huo utamu wa mbele. Fundi naye alikula matatu, akaona kweli hayakuwa kama yale ya mchana. Lakini hakupenda kujirudi mbele ya mtoto.

Saa mbili hazikupita, Kasuku akanyamaza.

Katika nyumba ile, Kasuku kunyamaza ilikuwa habari kubwa. Mama yake alitupa kitambaa, akamfuata. Alimkuta amejikunja sakafuni, anashika tumbo. Alitapika. Kisha akaanza kusinzia, na macho yake hayakutulia. Fundi mwenyewe tumbo lilikuwa limeanza kumsokota.

"Mpe maziwa," fundi alisema. "Nasikia maziwa yanaua sumu."

"Nasikia, nasikia! Ita teksi!"

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alimpokea mtoto na kumlaza. Alimpima mapigo ya moyo huku akiuliza.

"Amekula nini?"

"Matunda," fundi alisema.

"Matunda gani?"

"Ya manjano. Lakini si manjano ya kawaida, ni manjano yenye tone la chungwa, yanang'aa..."

"Baba, sijakuuliza rangi. Ni mmea gani?"

Fundi aliijua ile rangi kuliko mtu yeyote mle ndani, na mmea hakuujua hata jina.

"Nenda nyumbani," muuguzi alisema. "Lete tawi lenye majani, maua na matunda. Tukijua ni mmea gani, tutajua la kufanya. Mmempa kitu?"

"Tulitaka kumpa maziwa."

"Msimpe chochote. Wala msimtie kidole kooni atapike, mnaweza kumwumiza zaidi. Hiyo kazi tuachieni sisi. Wewe kimbia."

Fundi alikimbia. Alikimbia na viatu vyake vya kazi, vizito kwa rangi ya miaka. Tumbo lilimkata njia nzima na hakusimama. Alivunja tawi moja kubwa, akarudi nalo begani.

Daktari alilitazama tawi, akafungua kitabu, akalinganisha jani na picha.

"Huu unaitwa duranta. Watu wengi wanaupanda kwa uzuri wake. Matunda yake ni sumu kwa binadamu."

"Lakini ndege wanayala, daktari."

"Ndege ana tumbo lake, na wewe una lako. Usimfanye ndege mwalimu wako wa chakula. Na wewe je, umekula?"

"Matatu."

"Basi panda kitanda kile pale."

Kasuku alitundikiwa dripu. Alilazwa siku mbili. Siku ya pili alikaa kitandani, akauliza kwa nini chupa ya dripu imening'inizwa kichwa chini. Mama yake alipolisikia lile swali alilia kwa furaha.

Mtoto alipona. Jambo moja halikupona.

Siku ya kwanza fundi alipokwenda tena kazini, alirudi jioni amekunja ngumi. Karanga tano. Kasuku alikuwa mlangoni. Alitazama ile ngumi. Hakufumba macho. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mpe Mama," alisema. "Mama atanipa."

Fundi alimpa mkewe zile karanga. Mkewe akampa mtoto. Kasuku akala.

Fundi aliingia chumbani, akakaa kitandani. Sumu ilikuwa imemwuma tumbo, lakini hili lilimwuma pasipo na dawa. Kesho yake alijaribu ndizi. Keshokutwa mkate, uliookwa na mama mwenyewe. Jibu lilikuwa moja. Hata maji Kasuku hakuyapokea mkononi mwa baba yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa, na fundi aliona afadhali angekasirika.

"Jumamosi kaka yangu anakuja na panga," mkewe alisema. "Bustani yote inalala chini. Nitamwaga zege mle ndani."

"Ifyekwe," fundi alisema.

Kesho yake asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, alimwita mkewe.

"Nimefikiri. Ule uzio uondoke, hilo halina mjadala. Lakini tukifyeka kila kitu, mtoto atakuwa amejifunza nini? Uzio kama ule upo njia nzima ya shuleni. Nitafyeka bustani za mji mzima?"

"Unataka nini?"

"Nipe wiki sita. Nitaujua kila mmea uliomo mle, mmoja mmoja. Kipi kinaliwa, kipi hakiliwi."

"Na usioujua?"

Fundi alikaza fundo la kiatu. "Nisioujua, sitasema naujua."

Mkewe alijifuta unga mikononi. "Wiki sita. Na hakuna kitakachotoka mle kikaingia mdomoni mwa mwanangu."

"Mpaka mwenyewe atake," fundi alisema.

Jumamosi shemeji alifika na panga lake. "Shemeji, nasikia umefungua hoteli ya sumu!" Fundi alimeza utani huo bila maji. Walivaa glovu, wakaukata uzio wote na kung'oa mizizi. Waliokota matunda moja moja yaliyoanguka chini, wakachimba shimo refu, wakayafukia. Kasuku aliwatazama kupitia dirisha la jikoni.

Katika njia ya kwenda kazini kulikuwa na kitalu cha miche. Mwenye kitalu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na kucha zenye udongo. Kila mtu alimwita Mama Miche. Jumatatu fundi aliingia pale na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Leo unataka kupaka rangi miti yangu?"

"Nataka kujua hivi ni nini." Fundi aliumwaga ule mfuko mezani. Vilikuwa vipande vya maua tu: vyekundu, vyeupe, vya njano, vya zambarau.

Mama Miche alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Fundi, umeniletea rangi. Nikikuletea kucha kumi za watu, utanitajia majina yao?"

"Hapana."

"Basi. Mmea una shina, una jani, una ua, una tunda. Una harufu. Mwingine ukiukata unatoa utomvu. Vyote hivyo vinatazamwa kwa pamoja. Kesho lete tawi zima. Mmea mmoja kila siku, usizidishe. Na uje na daftari."

Fundi alimweleza habari ya yale matunda ya bakuli na yale ya uzio. Mama Miche hakucheka tena. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya kitalu, kwenye mmea mfupi wenye majani laini. Ulikuwa umening'iniza vifuko vyepesi, vikavu kama karatasi. Alipasua kifuko kimoja. Ndani lilikaa tunda moja la manjano yenye tone la chungwa.

Fundi aliganda. "Ndiyo hili! Lakini sikuona hiki kifuko."

"Mwenye nyumba alikumenyea, akakupa kwenye bakuli. Ulikula tunda bila kuuona mmea. Sasa linganisha. Hili linakaa peke yake ndani ya kifuko chake. Yale ya uzio wako yalikaaje?"

"Vishada. Wazi, bila kifuko."

"Na shina?"

"Gumu. La mti."

"Umeona? Rangi moja, mimea miwili. Jicho lako halikukosea rangi. Ulikosea kudhani rangi inatosha. Tena hata hili, lile bichi la kijani haliliwi. Kifuko hakiliwi. Jani haliliwi. Swali la kwanza ni mmea gani. Swali la pili ni sehemu gani ya mmea. Swali la tatu ni imeiva au haijaiva. Andika."

Fundi aliandika.

Tangu siku hiyo alipita kitaluni kila asubuhi na tawi moja. Alijifunza kutazama kama majani yanatoka mawili mawili yakielekeana, au moja moja kwa kupishana. Alijifunza kutazama pembeni mwa jani: lina meno au halina? Jioni aliketi bustanini na daftari akichora majani. Majirani walisema amechanganyikiwa. Alikuwa hajawahi kuwa na akili timamu kiasi hicho.

Siku moja aliona waridi zuri pale kitaluni, akataka kuonja petali moja, kile kipande laini cha ua. Mama Miche alimpiga kofi mkononi.

"Hilo nimelipiga dawa ya wadudu juzi! Maua ya kuuza, ya kitaluni au dukani, usiyatie mdomoni. Waridi la kula ni la kwako mwenyewe, ambalo unajua halijapigwa dawa. Unatoa petali, unakata ule weupe wa chini kwa sababu ni mchungu, unaosha, unakula."

Wiki ya tatu Mama Miche alikuja kuiona bustani. Mke wa fundi alisimama mlangoni amekunja mikono. Kasuku alikuwa dirishani.

Walianza na mmea uliotambaa kando ya ukuta. "Boga," fundi alisema bila kusita. Alionyesha majani mapana na mashina yenye vinywele.

"Maua yake yanaliwa?"

"Yanaliwa. Lakini nachuma dume. Jike lina kiboga kidogo chini ya ua, dume lina kikonyo kitupu. Nikichuma majike yote, sitapata boga."

"Haya, twende." Walifika kwenye mti wenye matunda madogo kama vishanga vilivyoshikana. "Huu?"

"Mforosadi. Yakiwa meusi yameiva, nakula. Yakiwa meupe ni mabichi, yanavuruga tumbo."

Kwenye kona palikuwa na mmea wenye maua meupe marefu, yenye umbo la tarumbeta. Fundi hakuwa amefika hapo bado. Mama Miche alisimama mbele yake kama askari.

"Huu ni mnanaha. Jani, ua, mbegu, vyote ni sumu kali. Huu usiungoje wiki sita. Vaa glovu, ung'oe leo."

Fundi aliung'oa palepale. Kisha akawaongoza kwa majivuno mpaka kwenye bomba la maji. Hapo ulisimama mmea mrefu kuliko yeye, shina jekundu, maua ya njano iliyopauka yenye moyo mwekundu.

"Huu nimeutambua mwenyewe, bila kuuliza. Rosela, ambayo wengine huiita choya. Na kinacholiwa si ua lenyewe. Ni kile kikombe chekundu kinene kinachobaki ua likishaanguka. Unakichemsha, unapata kinywaji chekundu safi. Chachu, unatia sukari."

"Kumi kwa kumi," Mama Miche alisema. Fundi alitabasamu mpaka masikioni. Kisha Mama Miche akainama, akachota udongo, akanusa. "Fundi, hapa panamwagwa nini?"

Tabasamu liliondoka. "Huwa... naoshea brashi hapa."

"Kwa maji?"

"Kwa maji. Na tina." Tina ni ile dawa kali ambayo mafundi hulainishia rangi. "Na rangi inayobaki."

"Tangu mhamie?"

"Tangu tuhamie."

"Basi jina umelipata, na chakula umekikosa. Mmea unakunywa kilichomo kwenye udongo wake. Unaweza kuwa mmea wa kuliwa, ukiwa umeota mahali pasipofaa. Penye mafuta ya gari, penye maji machafu, penye rangi yako, usichume kitu."

Ulikuwa mmea mzuri kuliko yote mle bustanini. Fundi aliutazama. Wiki nzima alikuwa ameota siku ya kuchuma vile vikombe. Aliinama, akaushika shina kwa mikono miwili, akauvuta mpaka ukatoka na mizizi yake yenye madoa ya rangi.

Mkewe alikunjua mikono. "Nilidhani utabisha."

"Nimebisha vya kutosha mwaka huu."

Siku hiyohiyo alitafuta dumu lenye mfuniko. Kuanzia hapo tina yote na rangi iliyobaki viliingia mle. Hakumwaga tena hata tone ardhini. Mbegu mpya za rosela alizipanda upande wa pili wa nyumba.

"Jambo la mwisho," Mama Miche alimwambia mke wa fundi wakati wa kuaga. "Hata kinacholiwa, mara ya kwanza onjeni kidogo tu. Mtu mzima aanze. Kisha ngojeni siku moja. Miili haifanani. Mwenye pumu au anayewashwa na maua aulize daktari kwanza."

Ilibaki kazi ya kuweka alama. Fundi alikusanya mifuniko ya makopo ya rangi, akaipigilia kwenye vijiti. Alitaka kupaka kijani kwa kinacholiwa na nyekundu kwa kisicholiwa. Mama Miche aliposikia alimwuliza swali moja tu: "Rangi tena, fundi?" Fundi alijicheka. Akachukua brashi nyembamba na rangi nyeusi, akaandika maneno. BOGA: UA, JANI CHANGA, TUNDA. FOROSADI: TUNDA JEUSI TU. WARIDI: PETALI.

Kasuku alikuwa anajifunza kusoma. Hakuweza kuipita ile mifuniko bila kuisoma. Alianza kutoka nje, akisimama mbele ya kila kijiti. "Wa-ri-di," alisoma. "Pe-ta-li." Fundi alijifanya anapalilia. Hakumwita.

Wiki ya tano wazazi walikaanga maua ya boga. Waliyafungua, wakakung'uta sisimizi, wakatoa kile kijiti cha katikati, wakaosha, wakayachovya kwenye unga na yai. Walikula wawili tu, ua moja kila mtu. Kesho yake walikuwa wazima. Siku iliyofuata mama alikula manne, akaomba mengine. Kasuku alitazama sahani. Hakula.

Ilibaki siku moja wiki sita ziishe. Mmea mmoja ulikuwa bado. Uliota karibu na tangi la maji, maua ya bluu madogo, majani yenye manyoya. Fundi alikuwa ameupeleka kitaluni mara tatu. Mara ya tatu Mama Miche aliugeuza, akaunusa, akafungua kitabu chake kikuukuu, akakifunga.

"Sijui."

Fundi alishtuka. "Wewe hujui?"

"Sijui. Kuna ubaya? Nimeishi na mimea miaka thelathini, na neno hilo limenilinda kuliko dawa."

Fundi alirudi nyumbani. Aliuzungushia ule mmea waya, akachukua mfuniko wa mwisho, akaandika.

Jumamosi asubuhi forosadi nyingi zilikuwa zimeiva. Fundi alichuma kumi nyeusi, akaziosha, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Aliziweka kiganjani. Hakukunja ngumi. Kiganja kilikuwa wazi, kila mtu aone. Juzi alikuwa ameonja yeye, na jana mkewe.

Kasuku alitoka. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Hizo nini?"

"Forosadi."

"Umejuaje?"

"Jani lake lina meno pembeni. Ukilikata, linatoa utomvu mweupe. Tunda lake ni vitunda vidogo vingi vilivyoshikana. Nimelinganisha na kitabu, na Mama Miche ameuona mti wenyewe kwa macho yake."

"Zote zinaliwa?"

"Nyeusi tu."

"Hapo kwenye mti ulimwaga tina?"

"Sijawahi. Wala dawa haijapigwa."

"Umeonja?"

"Juzi. Mama yako jana."

Kasuku alifikiri. Kisha akanyoosha kidole kwenye tangi la maji. "Na ule wa bluu? Unaliwa?"

Fundi aliutazama. Fundi wa zamani angepata jibu, tena jibu lenye sauti kubwa. Mkewe, aliyekuwa jikoni, aliacha kukanda unga.

"Sijui," fundi alisema.

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Nimeuliza, na niliyemwuliza hajui. Kwa hiyo hatuli mpaka tujue."

Kasuku alikwenda mpaka kwenye ule waya. Aliinama mbele ya mfuniko. "Si," alisoma. "Ju. I." Akarudia kwa pamoja: "Sijui." Alimgeukia baba yake, akamtazama usoni kwa muda.

Kisha alirudi. Alisimama mbele ya ngazi, karibu kabisa, akafungua mdomo.

Fundi alichagua iliyo nyeusi kuliko zote. Akaiweka mdomoni mwa binti yake.

Kasuku alitafuna polepole. Safari hii hakufumba macho. Aliyafumbua kabisa, akimtazama baba, na fundi alijua kwamba ni vizuri zaidi hivyo.

"Tamu," Kasuku alisema. "Baba, kwa nini utomvu ni mweupe na tunda ni jeusi? Na ndege akila nyeupe, tumbo linamwuma? Na Mama Miche akiwa hajui, anamwuliza nani?"

Hakunyamaza mpaka mchana. Fundi alijibu aliyoyajua, na mengine aliyaandika kwenye daftari ili Jumatatu waende kuuliza wote wawili.